Mwenye nyumba kajifungia stima ya gereji mwenyewe, sasa mlango unapiga watu shoti!

Jamani watu wa Malindi, leo mtanivumilia. Nimepanga huku Muyeye, nyumba haina neno, ila mwenyewe ni wale wa "fundi wa nini, nitafanya mwenyewe". Kaingiza stima gereji, kafunga na kompresa ya mpwawe wa tuktuk. Tangu hapo mlango wa chuma unauma. Mwanangu kaushika akiwa pekupeku, katoka kuoga, akarushwa nyuma.

Nikamwendea mzee kwa heshima zote. Jibu lake? "Vaeni ndara, mwanangu." Ndara!

Nikaleta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, pesa zangu. Testa kwenye fremu ya mlango: inawaka. Kafungua soketi, ndani mna waya mbili tu, zile nyembamba za kuning'inizia taa za harusi. Tundu la juu, la arthi, yaani waya wa kushusha stima ardhini ikivuja, halina kitu nyuma yake. Mota ya kompresa inavujisha, maana hewa ya chumvi ya huku haisazi kitu, na bodi yake imegusana na fremu. Arthi ingekuwepo, stima ingepata njia ya kushuka ardhini. Haipo, basi stima imekaa kwenye chuma inangoja mkono wa mtu. Na kile kifaa cha kukata umeme ukivuja miliampea 30, msiulize.

Sasa breka, ile swichi ya kukata stima ikizidi. Mzee kavuta laini kutoka kwa waya wa taa, ule mwembamba wa milimita mraba 1.5. Breka ya ampea 10 ikawa inaruka kila kompresa ikiwashwa, kwa sababu mota inapoanza huvuta stima mara kadhaa kuliko ikishazunguka. Akaona breka ndiyo mbovu! Kaing'oa, kaweka ya 32. Kweli hairuki tena, sasa unaochemka ni waya. Breka kazi yake ni kulinda waya, hata mwanafunzi wa ufundi anajua. Tumepanda ngazi tukaushika: plastiki imelainika kama ubani uliotafunwa. Na juu yake ni makuti, makavu, kaskazi hii.

Bado. Laini yenyewe imetoka upande wa mita yangu. Yaani tokeni nanunua mimi, mpwa anajaza watu upepo kwa pesa, na nilikuwa nikimgombeza mke wangu kuhusu pasi.

Fundi kaikata laini yote. Mzee anapiga simu asubuhi na jioni, ati nimemharibia kazi yake, niilipe. Silipi hata ndururu. Ripoti ninayo, imesainiwa, nambari ya leseni iko.

Aliyewahi kukwaruzana na mwenye nyumba wa namna hii, alianzia wapi, kwa chifu au EPRA moja kwa moja? Na mtu asiniambie nihame. Kodi nimelipa mbele.