Kufuli ipo, mbona nimeibiwa nywila?

Mgeni_Mtandaoni: Wakuu, jana nimepata ujumbe kwamba barua pepe yangu inafungwa. Nikabofya kiungo, nikaona alama ya kufuli juu pale kwenye anwani ya tovuti, nikaandika nywila. Saa moja baadaye siwezi kuingia! Na nywila hiyohiyo naitumia sehemu sita (najua, msinicheke). Si kufuli ndiyo usalama?

Kipanga: Pole. Kufuli inasema tu kwamba mawasiliano yako na tovuti yamesimbwa, yaani wengine njiani hawawezi kuyasoma. Haisemi unaongea na nani. Tapeli naye hupata bure cheti kinacholeta kufuli hiyo, shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo tangu 2015. Chrome waliiondoa alama hiyo 2023, maana ilipotosha wengi. Soma anwani yenyewe, herufi kwa herufi.

MzeeWaSeva: Anza na barua pepe, ndiyo inayofungua kwingine kote. Kisha zile sita, kila moja nywila yake. Mimi natumia Bitwarden, programu ya kutunza nywila: kwenye tovuti bandia haijitolei kujaza nywila. Imeniokoa mara mbili nikiwa na usingizi.

Mgeni_Mtandaoni: Nimeirudisha! Ila nimekuta barua zangu zilikuwa zinatumwa kwa anwani nisiyoijua. Nimefuta mpangilio huo.

MzeeWaSeva: Safi. Sasa ondoa vifaa vyote vilivyoingia, uwashe uthibitisho wa hatua mbili.