Mrejesho: PhD au PsyD ya saikolojia tiba kwa mtu aliyetoka uhasibu

Wadau, habari zenu. Mwaka jana niliwauliza: mimi ni mhasibu naishi Marekani, umri umesogea, nataka kuwa mwanasaikolojia tiba, niende PhD (shahada ya uzamivu inayoegemea utafiti) au PsyD (ya uzamivu pia, ila inaegemea zaidi kutibu)? Asanteni mno kwa majibu.

Nilimfuata dada aliyesema nianze na ithibati ya APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani), kisha nisome matokeo ambayo kila programu hutangaza: wangapi humaliza, wangapi hupata nafasi ya mwaka wa mafunzo ya vitendo, wangapi hupata leseni. Orodha yangu ilipungua sana. Nilisoma pia kozi ya takwimu na kujitolea kwenye utafiti wa profesa mmoja. Hilo ndilo waliloniuliza zaidi kwenye usaili. Uhasibu haukuwavutia kama tulivyodhani.

PhD zenye ufadhili zote zimenikataa, moja baada ya kuniweka kwenye orodha ya kusubiri. Imeniuma. PsyD moja ilinikubali, ila deni la ada yake familia yangu isingelibeba, nikaiacha. Kaka uliyenionya kuhusu hilo, Mungu akubariki.

Sasa ni msaidizi wa utafiti mwenye mshahara. Desemba naomba tena, kwa maprofesa wanaochunguza kiwewe kwa wakimbizi.