Tupeane uzoefu: Wikendi ya kuvua trauti ziwani ukiwa na mwenzako

Mtoa mada

Ndugu zangu wavuvi, salaam. Kwa kuwa mara nyingi mazungumzo yetu huishia kwa sangara na sato wa Ziwa Victoria, leo naomba tuwape nafasi trauti, samaki wa maji baridi wa maziwa ya milimani, na hasa tusimuliane jinsi rafiki mliyeandamana naye alivyowafaa mkiwa kando ya maji. Naanza na yangu.

Februari mwaka jana tuliondoka Nairobi siku ya Ijumaa kabla ya mapambazuko, mimi na rafiki yangu wa tangu sekondari, tukapitia Embu hadi Chogoria. Tulikuwa tumeshakata leseni ya uvuvi na kulipia kiingilio cha hifadhi. Kutoka pale tulipanda Mlima Kenya kwa gari la kukodi, tukaupita msitu na mianzi hadi Ziwa Ellis, lililo zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku ule kichwa kiliniuma kwa ajili ya kimo, na asubuhi tulikuta umande umeganda juu ya hema.

Jumamosi nilianza kurusha mshipi jua likichomoza. Wasiozoea uvuvi huu wajue kwamba ndoana haivishwi chambo hai. Hufungwa manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu, nasi humwita nzi wa bandia. Nilirusha nzi mkubwa mweusi kwa saa tatu bila kuguswa hata mara moja, na kila nilipochoka nilirusha mbali zaidi, nikidhani samaki wako katikati ya ziwa. Mwenzangu alikaa juu ya jiwe akiyatazama maji tu, jambo lililonikera. Alipoinuka hatimaye alirusha karibu na majani ya ukingoni, akampata trauti mdogo, na badala ya kushangilia akampasua tumbo, akamwaga vilivyomo ndani ya kifuniko cheupe cha chupa ya chai, akaongeza maji kidogo na kuvitenganisha kwa kijiti. Tuliinama sote wawili tukaona konokono wadogo na viluwiluwi vya kereng'ende vyenye rangi ya matope, vingine vikiwa bado na miguu yao yote.

Basi akanichagulia nzi mdogo wa kahawia. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi nikashindwa kufunga fundo, kwa hiyo akauchukua mshipi wangu, akaulowesha kwa mate, kwa maana fundo likikazwa kavu mshipi huungua na kudhoofika, akanifungia. Akaniambia nimwache nzi azame nikihesabu hadi ishirini, kisha nimvute taratibu, shubiri kwa shubiri. Mara ya tatu mshipi ulikaza, na trauti wa takriban kilo moja akaruka juu ya maji, ule mstari wake wa waridi ubavuni ukiwaka juani. Hadi Jumapili mchana tulikuwa tumepata sita zaidi. Tulibakiza wawili wa kula, waliosalia tukawarudisha kwa mikono iliyoloweshwa kwanza, kwani mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na maradhi.

Nawakaribisha. Je, mliwahi kukuta samaki wamegoma, na mwenzenu alisaidiaje?

Mchangiaji aliyeko Scotland

Ndugu mtoa mada, umenigusa. Mimi naishi karibu na ziwa la Loch Leven, na ni faraja kwangu kujua kwamba mayai ya trauti wa kahawia ambayo mlowezi Ewart Grogan aliyapeleka Mto Gura, katika milima ya Aberdare, mwaka 1905, yalitoka katika ziwa hili.

Huku huvuliwa kwa mashua, watu wawili wakikaa kila mmoja upande wake na kuupa upepo mgongo, mashua ikisukumwa kiubavu huku nao wakirusha mbele yao mshipi mfupi. Kwa hiyo mwenzako ndiye nusu ya mizani. Jumamosi moja ya Mei nilinasa samaki mkubwa nikasimama ghafla bila kusema neno. Mashua ikalala upande wangu, na rafiki yangu, Mskoti mwenye umri wa baba yangu, akajitupa upande wa pili kwa wepesi uliotuokoa sote. Samaki alichopoka akaenda zake. Mzee hakunigombeza, bali aliniomba niketi, akanionyesha jinsi ya kumchosha samaki kwa ncha ya ufito nikiwa nimekaa. Tangu siku hiyo sijainuka ndani ya mashua bila kumwarifu niliye naye.

Mchangiaji wa Nanyuki

Wenzangu, kwangu samaki hawakugoma. Tatizo lilikuwa ukungu. Tulilala Ziwa Rutundu, hukohuko Mlima Kenya, tukapanda kwa miguu kwenda Ziwa Alice, ambako trauti ni wachache lakini wakubwa. Saa saba mchana rafiki yangu, mwenyeji wa Timau, akaona wingu likiteremka akataka turudi, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeona samaki akipasua maji mbele yangu. Nilikasirika na sikulificha. Tulipofika nusu ya njia hatukuweza kuonana kwa hatua kumi, tukawa tunaitana kwa majina mpaka kambini. Nilimwomba radhi jioni ileile.

Ningependa kujua, ndugu mtoa mada, wale wawili mliwapikaje? Nyama yao ilikuwa nyeupe au ya waridi?

Mtoa mada

Ahsanteni sana. Ilikuwa ya waridi iliyokolea, kama ilivyo kwa trauti aliyekula sana vijidudu vya maji vyenye magamba. Tuliwatia chumvi, siagi na vipande vya limau tumboni, tukawafunga kwa karatasi ya alumini na kuwaweka juu ya jiko la gesi kwa dakika kumi hivi, tukiwageuza mara moja. Mwenzangu alinikataza katakata nisiongeze pilipili, na nilipoonja nikakubaliana naye.