Nimefungwa vyuma vya meno, tarumbeta limegoma

Sauti_ya_Kwanza, Moshi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Mimi ni binti wa miaka 24, napiga tarumbeta kanisani, sauti ya kwanza, mwaka wa tisa huu. Wiki tatu zilizopita nilifungwa vyuma vya meno, juu na chini. Daktari alinionya kuhusu karanga, mahindi ya kuchoma na muwa. Habari za tarumbeta hakuniuliza, nami sikusema, maana akili yote ilikuwa kwenye bei.

Jumapili iliyofuata nilimaliza ubeti mmoja tu. Wa pili sauti ikatoka kama bomba la maji lililoingia hewa. Nilipofika nyumbani nikaugeuza mdomo wa juu mbele ya kioo: alama nne za mraba, zimejipanga kama muhuri wa mtendaji wa kata. Zamani ile sol ya juu ya mistari naifikia huku nawaza chakula cha mchana. Sasa hata do ya katikati inakwaruza.

Mzee mmoja wa bendi anasema nihamie ngoma mpaka vitoke. Vitoke lini, miezi 18! Na Pasaka alfajiri tunapiga makaburini. Babu yangu amelala pale, na yeye ndiye aliyeninunulia hili tarumbeta. Sitaki kumpigia ngoma. Kuna aliyepitia haya?

Bomba_Refu, Dar

Pole mdogo wangu. Mimi napiga matarumbeta ya harusi, wale wa nyuma ya pikapu, na nilivaa vyuma miaka miwili.

Kosa lako nadhani ni lilelile langu: tulizoea kuzipata noti za juu kwa kugandamiza. Meno yakiwa matupu mdomo unavumilia. Ukishavaa vyuma, mdomo unakuwa nyama katikati ya chuma na chuma.

Wiki mbili za kwanza sikugusa noti yoyote iliyopita sol ya mstari wa pili. Noti ndefu, sauti ya chini, dakika kumi, weka chombo, kunywa maji, rudia. Na kile kindoano cha kidole kidogo cha mkono wa kulia, kitoe kidole humo! Hicho ndicho kinachotuponza, unalivuta tarumbeta usoni bila kujijua. Kaza pembe za mdomo, katikati pawe laini, kazi ya kupanda iachie hewa.

Omba sauti ya tatu kwa muda, si aibu. Mimi nilihamia trombone kwa sababu kipulizio chake ni kipana, hakiuchimbi mdomo sehemu moja. Nikanogewa, sijarudi mpaka leo.

Jambo jingine: vikitoka, usikubali shughuli wiki hiyo. Mimi nilikubali harusi Mbagala siku ya pili yake. Meno yanateleza, mdomo haujui ushike wapi, nikapuliza kama mtoto aliyeokota filimbi. Bwana harusi mwenyewe aligeuka kunitazama.

Nesi_wa_Meno, Dodoma

Dada, kuna nta maalumu ya vyuma. Futa vyuma vikauke kwanza, vinginevyo haishiki. Viringisha kipande kama punje ya mbaazi, kibandike pale panapokukata, ukitoe kabla ya kula. Vidonda sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi. Waya ukichomoza usiukate na kikata kucha, nimeshaona matokeo yake. Na tafadhali mwambie daktari wako kwamba unapuliza. Kuna kinga laini za kuvika juu ya vyuma wakati wa kupiga, muulize.

Mkia_wa_Mbuzi

Mbona mnaitenga ngoma? Karibu dada, huku meno hayahitajiki.

Klarineti_Nakuru

Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Klarineti unakunja mdomo wa chini juu ya meno ya chini, yale ya juu yanakaa juu ya kipulizio chenyewe. Kwa hivyo vyuma vya juu sikuvisikia, vya chini vikanichinja. Nilikuwa nakunja karatasi ya kusokotea sigara mara kadhaa na kuiweka kwa meno ya chini. Ilisaidia sana, mpaka siku mamangu alipoipata kwa begi yangu. Hiyo kesi ilichukua wiki nzima.

Sauti_ya_Kwanza, Moshi

Kaka Bomba_Refu, kindoano! Nimejaribu sasa hivi jikoni bila kidole. Nilikuwa navuta kwelikweli, miaka tisa sijui. Sauti imetoka ndogo lakini safi, do mpaka sol ya chini, kisha jirani akagonga ukuta.

Kesho mazoezini naomba sauti ya tatu. Mkia_wa_Mbuzi, hiyo ngoma endelea nayo mwenyewe. Nesi, asante sana, ila nta hiyo naipata duka la dawa la kawaida?

Nesi_wa_Meno, Dodoma

Anza kwa hukohuko ulikofungwa, mara nyingi wanayo. Kakisanduku kadogo tu, kaweke kwenye begi la tarumbeta.