Huyu wa "unataka na NIDA?" atatuzika ofisi nzima

Wakuu nimetoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka hata kutaipu shida. Ni yule yule, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Nimemuuliza kwa adabu zote, kaka hiyo sosi kodi uliyoivuta kwenye ripo ya git (ghala la kodi) umehakiki saini ya tegi (alama ya toleo anayoisaini mwenye mradi) kabla hujaipandisha kwenye seva? Akacheka. MBELE YA BOSI. Eti "jina la mwenyewe si lipo kwenye komiti (rekodi ya badiliko la kodi)? Au unataka na namba ya NIDA?" Watu wakaangua kicheko mpaka dada wa chai kashika ukuta, na yeye git kaijulia wapi??

Jina! Jina kwenye git unajiandikia mwenyewe, unaweka git config user.name "Linus Torvalds" unapiga enta, tayari wewe ndo Linus mwenyewe aliyeunda git, hakuna wa kukuuliza. Machi 2021 seva ya git ya PHP, ile lugha ya kutengenezea tovuti, iliingizwa komiti mbili zenye mlango wa nyuma (njia ya siri ya mvamizi kuingilia), moja ina jina la Rasmus Lerdorf, ya pili Nikita Popov, wote wakubwa wa PHP, ujumbe unasema ni kusahihisha herufi tu. Majina si yalikuwepo? Ukishakuwa na ufunguo wa umma (public key) wa mwenye mradi, git verify-tag, amri ya kuhakiki saini, haichukui hata muda wa kupiga chafya. Lakini yeye NIDA. Na bosi naye kacheka, nimemwona.

Kapuku Msomi: Chai. Lete picha ya huyo dada kashika ukuta.

mzee wa teminali: Mkuu Windows yako si ile ya kwenye flashi ya Kariakoo? Leo unadai saini 😂😂

Mleta uzi: Windows yangu inahusiana vipi na kuniuliza NIDA mbele ya bosi???

binti_seva: Saini yenyewe isiwape kiburi. xz, ile programu ya kubana mafaili, mwaka 2024, toleo 5.6.0 na 5.6.1, aliyesaini ndo huyo huyo aliyeweka mlango wa nyuma, tena kipande cha kuuwasha kilikuwa kwenye faili la kupakua tu, kwenye ripo hukikuti. Mwanaprogramu Andres Freund kaja kushtukia sababu SSH (ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ilikuwa inachelewa nusu sekunde.

Mbagala Kwetu: Nusu sekunde?? Mi huku git clone (kupakua ripo nzima) naianzisha usiku, naamka imekata asilimia 97 na bando limekwisha.

Kapuku Msomi: We una bando, mi mwenye nyumba anazima ruta saa tatu eti inakula luku.

mzee wa teminali: Ruta na luku wapi na wapi, huyo anakufukuza kistaarabu, hama.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, NIDA wakuu, mbele ya bosi!!

Mbagala Kwetu: Pole mkuu. @Kapuku hapo kwako chumba bei gani, na maji yanatoka?