Wanafunzi wa viunga vya Paris: tupeane uzoefu wa miezi ya kwanza

MtuWaTanga: Septemba ndiyo hiyo, wadogo zetu wanashuka uwanja wa ndege wa Roissy na mabegi yao. Mlioko Saint-Denis, Villetaneuse, Créteil na Nanterre, mwageni mnachokijua. Naanza na kadi ya usafiri, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Navigo, yaani kadi ya usafiri wa Paris na viunga vyake, ya wiki inaanza Jumatatu na kufa Jumapili, hata ukiinunua Alhamisi. Kuanzia Ijumaa mashine inakuuzia ya wiki ijayo. Ya mwezi nayo ni tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi. Aliye chini ya miaka 26 na anakaa mwaka mzima achukue Imagine R, kadi ya mwaka ya wanafunzi. Kadi ya Navigo Découverte, ile ya kununua papo hapo, lazima ubandike picha na uandike jina. Mkaguzi akiikuta tupu anakupiga faini hata kama mwezi umeshalipiwa.

Bint Lamu: Hiyo ya picha, kweli kabisa. Wanalizwa wengi.

Mzee wa Créteil: Na tiketi ya basi ukishuka unaingia nayo metro, msisahau.

MtuWaTanga: Hapana kaka, utawaponza watu. Tangu Januari 2025 tiketi za kawaida ni aina mbili: basi na tramu upande mmoja, metro, treni na RER (treni za kwenda viungani) upande mwingine. Hazichanganyiki. Ukihama basi kwenda metro unalipa upya.

Mzee wa Créteil: Mbona basi kwenda tramu inakubali?

MtuWaTanga: Hizo ni aina moja, ndani ya saa moja na nusu. Soma vizuri nilichoandika.

Wa Bukavu: Acheni tiketi, nyumba ndiyo inakula pesa. Siku ya kupewa funguo kuna karatasi ya ukaguzi, état des lieux. Msisaini haraka haraka. Fungua kila bomba, washa kila hita, piga picha nyuma ya kabati na chini ya sinki. Ukigundua kasoro baadaye, una siku 10 za kudai iongezwe. Andika kwa barua ya rejista. Kisichoandikwa utakatwa kwenye amana ukihama. Amana yenyewe inatakiwa irudi ndani ya mwezi 1 kama hakuna tofauti kati ya ukaguzi wa kuingia na wa kutoka, miezi 2 kama ipo.

Shemeji Nanterre: Bora huyo ana nyumba! Kuna kijana alikodi studio kwa picha tu akiwa bado Dar. "Mwenye nyumba" akamwambia yuko nje ya nchi, akamtumia nakala ya kitambulisho na mkataba wenye mihuri, akataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana kwa njia ya kutuma pesa, funguo zije kwa posta. Kijana kafika usiku na masanduku mawili, jengo lipo, ila namba ya mlango ule haipo. Simu imezimwa.

Bint Lamu: Yarabi! Akalala wapi?

Shemeji Nanterre: Kwa Mkongo aliyekutana naye kituoni, Mungu ambariki.

Mzee wa Créteil: Dawa ni kutolipa kabisa mpaka ufike.

Wa Bukavu: Na ukifika bila anwani, benki inakukatalia akaunti. Tafuta mtu akakuangalizie nyumba, halafu omba dhamana ya Visale, inayomhakikishia mwenye nyumba kodi yake, ni bure, ila cheti kitoke kabla ya kusaini mkataba. Bima ya nyumba pia. Bila cheti chake hupewi funguo.

Bint Lamu: Ukungu je? Ukuta wa chumbani unageuka mweusi ikifika Desemba.

Mzee wa Créteil: Funga madirisha, washa hita.

Wa Bukavu: Kinyume chake! Mvuke wa kupika, kuoga na nguo zinazokauka ndani unakimbilia kona yenye baridi. Fungua dirisha dakika 10 kila asubuhi, kisha ndiyo uwashe hita. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Na kile kitundu cha hewa bafuni msikizibe kwa gazeti, kwa baridi yoyote ile. Pima hivi: weka karatasi moja ya choo juu yake. Ikinata, kinavuta. Ikidondoka, andikia mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Mzee wa Créteil: Bili ya umeme utalipa wewe?

Bint Lamu: Bili kuliko kifua, mzee wangu.

MtuWaTanga: Na unga wa ugali: polenta, unga wa mahindi wa Kiitaliano, ya dakika tano haikazi kama sembe, imeshapikwa nusu. Nendeni soko la Saint-Denis, Jumanne, Ijumaa na Jumapili, mwulizie unga mweupe kwenye maduka ya Waafrika jirani. Kaonjeni kwanza pakiti ndogo.