Kulala Rugby, Tennessee: mauzauza ni kweli? Na mama mzee ataweza?

mkazi_wa_Knoxville

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mama yangu yuko kwangu tangu Juni. Ana miaka 76. Binti yangu anaandika kazi ya shule kuhusu vijiji vilivyoanzishwa na watu waliotaka kuishi maisha mapya, na amechagua Rugby, kile kijiji cha Waingereza juu ya uwanda wa Cumberland. Sasa ameng'ang'ania tulale huko usiku mmoja, Newbury House. Kila tunayemgusia ana lake: mara mwanamume anasimama kando ya kitanda, mara gari la farasi linapita usiku nje ya nyumba inayoitwa Roslyn. Mama amesikia yote. Hajakataa, ila ameniuliza mara mbili, "Hao watu walikufaje?" Sikuwa na jibu.

Aliyewahi kulala huko anisaidie. Na kwa mtu anayeumwa magoti, panatembeka?

bonde_la_juu

Dada, mimi mzazi wangu nisingempeleka. Hoteli yao, Tabard, iliungua 1884, wakaijenga upya, ikaungua tena 1899. Na inasimuliwa kuwa chumba namba 13 mtu alimuua mkewe kisha akajiua. Sehemu yenye mambo kama hayo nendeni mchana, jua likiinama muwe barabarani.

fundi_maji

Dada, mimi nimelala Newbury House usiku mbili. Kazi yangu ni kupima maji maabara, hapahapa Tennessee, na swali la mama yako ndilo lililonipeleka Rugby. Mjibu hivi: baadhi yao waliuawa na kisima.

Kijiji kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 1880 na Thomas Hughes, mwandishi aliyewahi kuwa mbunge Uingereza. Kule urithi ulikuwa unakwenda kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na wadogo zake, hata wasomi, waliona aibu kushika jembe. Yeye akasema waje huku, walime, wajenge, mtu asidharauliwe kwa kazi ya mikono. Pombe ikapigwa marufuku. Uwanja wa tenisi ukatengenezwa mapema, na wengine hulitumia hilo kuwacheka. Mimi siwezi kuwacheka. Walikuwa vijana mbali na kwao, na majira ya baridi ya kwanza yaliwapiga vibaya.

Mwaka 1881 ikaingia taifodi. Maji ya kisima cha Tabard yalikuwa yamechafuka. Watu 7 walikufa, hoteli ikafungwa, na habari zikafika mpaka Uingereza. Baadhi ya marehemu wale wamelala makaburi ya Laurel Dale. Nilisimama pale nikawaza jinsi mdudu huyu anavyofanya kazi: choo kikiwa karibu na kisima, udongo ukiwa mwepesi, mvua ikinyesha, basi. Maji yanaendelea kuwa meupe na matamu. Hayanuki. Mtu anamchotea mwenzake mgonjwa kikombe kwa upendo kabisa, kumbe anamwongezea. Nimeshika sampuli za namna hiyo mkononi, huwezi kuzitofautisha na maji salama kwa macho.

Sasa usiku. Ndiyo, nilisikia kitu. Saa nane hivi usiku, hatua za mtu sebuleni, tatu, kisha kimya, kisha mbili. Nikawasha taa nikakaa. Nyumba ni ya mbao, ya tangu 1880, na usiku ule baridi ilishuka ghafla; mbao zikisinyaa hulia. Naamini ni hilo. Lakini sikulala tena mpaka alfajiri, nakwambia ukweli, na sitamwambia mtu mwingine kwamba hakusikia alichosikia.

Ila msiende kwa ajili ya usiku. Nendeni kwa ajili ya maktaba. Ilifunguliwa 1882, ina vitabu karibu 7,000, na bado vimo kwenye rafu zake. Mkutubi wa mwanzo alikuwa Mjerumani, Eduard Bertz. Ukiingia kuna harufu ya ngozi kavu na mbao, na mwanga wa dirishani unagonga migongo ya vitabu, mingine imefifia upande unaopigwa na jua tu, kwa hiyo kitabu kimoja kina rangi mbili. Niliangalia hilo muda mrefu. Miaka yote hiyo hakuna aliyekigeuza.

Magoti: majengo yako karibu karibu, atatembea polepole. Njia ya kushukia mto Clear Fork ina mteremko na mizizi, mwacheni asishuke. Pigeni simu kabla ya kwenda muulize nyumba na ziara ziko wazi siku gani. Simu yangu ilipoteza mtandao kabla sijafika, kwa hiyo ramani ipakueni mkiwa nyumbani.

mkazi_wa_Knoxville

Asante sana kaka. Nimemsomea mama yote kwa sauti. Kwenye kisima alinyamaza, maana kwetu mdogo wake alikufa kwa homa hiyohiyo ya matumbo, sikuwahi kujua mpaka jana. Kisha akauliza: wazee walikuwepo huko, au vijana tu?

fundi_maji

Pole kwa mama, mfikishie.

Alikuwepo mzee mmoja ninayemkumbuka kuliko Hughes mwenyewe. Mama yake, Margaret. Mwanawe alikuwa anakuja kwa muda anarudi Uingereza, hakuhamia kamwe. Yule bibi alivuka bahari 1881, ana miaka 83, mwaka uleule wa taifodi, akakaa nyumba ya Uffington pamoja na mjukuu wake Emily. Alifia hapohapo 1887, kijiji kikiwa tayari kinaanza kupungua watu. Kaburi lake liko Laurel Dale.

mkazi_wa_Knoxville

Kaka, mama amesema tulale. Anataka twende kaburini kwanza, kabla ya maktaba, na ameniambia nitafute maua meupe. Binti anaandika maswali ya kuuliza huko, la kwanza ni kama kile kisima bado kinaonekana. Nitapiga simu kesho asubuhi.

bonde_la_juu

Basi mkiwa huko mtusomee majina ya wale wa 1881 kwenye mawe, mtuandikie hapa.